Siku sita za Mwanzo na mamilioni ya miaka: nimjibu nini mwanafunzi wangu?

Swali

"Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha baiolojia kidato cha nne, na Jumapili ninafundisha watoto kanisani. Tulipofika mada ya mageuko, mwanafunzi mmoja ambaye pia yuko kwenye darasa langu la Jumapili alisimama akaniuliza: 'Madam, kanisani ulisema Mungu aliumba kwa siku sita, leo unasema mamilioni ya miaka. Ni wapi ulitudanganya?' Nilikosa jibu. Mzee wa kanisa alisikia, akaniambia nikikubali kwamba Mwanzo sura ya kwanza si sayansi basi nimeikataa Biblia nzima, na kwamba vipimo vya kaboni vya mabaki ya kale ya Olduvai ni uongo. Mwalimu mwenzangu Mwislamu anasema kwao tatizo hili halipo, maana sayansi yote imo ndani ya Kurani. Je, tuyasome Maandiko neno kwa neno, au tukubali kwamba ni hadithi tu? Na kuna jambo la nyumbani: dada yangu ameacha dawa za presha tangu aliposhika mstari wa 'kwa kupigwa kwake sisi tumepona'. Naogopa."

Jibu

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Jambo uliloliweka mwisho mimi naliweka mwanzo, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Mpeleke dada yako kituo cha afya wiki hii hii. Apimwe presha, aseme wazi kwamba aliacha dawa na aliacha lini, na mhudumu ndiye ampangie upya. Asijirudishie dozi ya zamani mwenyewe. Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili, mtu anajiona mzima mpaka siku ya kiharusi. Akipata maumivu makali ya kichwa, macho yakiona ukungu, kifua kikibana, ulimi ukiwa mzito au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo ni hospitali saa ile ile, mchana au usiku.

Mstari alioushika ni Isaya 53:5. Usimwambie auache. Mwambie afungue pia Isaya 38, kitabu hicho hicho. Mfalme Hezekia anaumwa karibu ya kufa, anaomba kwa machozi, na Mungu anamwongezea miaka 15. Kisha nabii Isaya mwenyewe anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme ili apone. Sala na dawa zimo katika sura moja, na nabii haoni mgongano wowote. Paulo alimwacha Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa, na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Sitakuficha kwamba Mathayo 8:17 inautumia unabii huu kuhusu Yesu kuponya wagonjwa. Lakini 1 Petro 2:24 inauelekeza kwenye kuifia dhambi, na hakuna mwandishi hata mmoja wa Agano Jipya anayeutumia kumzuia mtu asiende kwa tabibu. Mwombeeni dada, na mpeleke kliniki.

Nimelianza hilo pia kwa sababu linafungua mlango wa swali lako kubwa. Dada yako na mzee wa kanisa wanasoma kwa namna moja. Wanaitoa sentensi mahali pake, kisha wanaidai iwape kitu ambacho mwandishi wake hakuwa akikitoa. Kwa mzee matokeo yake ni ubishi. Kwa dada yako matokeo yako kwenye mishipa ya damu. Na Afrika Mashariki tumeshaona mwisho mbaya kuliko huo: Shakahola, Kenya, mwaka 2023, watu walifunga kula mpaka wakafa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Sisemi dada yako yuko njia hiyo. Nasema namna ya kusoma si suala la wasomi peke yao.

Sasa lile la "ukiacha neno kwa neno umeikataa Biblia nzima." Hakuna kanisa linaloishi hivyo. Yesu anasema katika Mathayo 5:29 kwamba jicho likikukosesha, ling'oe ulitupe mbali nawe. Wakristo wa kila dhehebu wanalisoma agizo hilo kama onyo kali juu ya tamaa, na hakuna anayewaambia kwa kufanya hivyo wameikana injili. Wamefanya kazi ya msomaji: wamejiuliza msemaji alikuwa anafanya nini aliposema hivyo. Wewe unaifanya kazi hiyo kila siku bila kuhisi. Kwenye kikao cha ukoo, babu akisema "sisi hapa wote ni tumbo moja," hakuna anayetoka kwenda kupima damu. Babu anadai tubebane, tusitupane, na dai hilo ni la kweli na zito kuliko matokeo ya maabara. Anayemsikiliza babu kama mtaalamu wa maabara hajamheshimu zaidi, hakumsikia tu.

Mzee wako pengine anadhani usomaji huu ni woga wa siku hizi, kwamba Wakristo walisoma neno kwa neno karne zote mpaka Darwin alipochapisha kitabu chake cha mageuko mwaka 1859, ndipo wakaanza kurudi nyuma. Historia inakataa. Katika karne ya 3 Origene wa Aleksandria aliuliza ni mwenye akili gani atakayedhani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi wakati jua, mwezi na nyota vilikuwa bado havijaumbwa. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima cha kuieleza Mwanzo na akafikia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na zile siku sita ni mpangilio wa kutueleza, hazikuwa za saa. Humo humo anawakemea Wakristo wanaosema upuuzi juu ya nyota na dunia huku wakidai wameutoa kwenye Maandiko, kwa sababu asiyeamini akishaona wamekosea jambo analolijua vizuri, atawaamini vipi juu ya ufufuo? Niwe mkweli: Augustino huyo huyo aliamini dunia haijafika miaka 6,000. Hakuwa mwanasayansi wa leo. Lakini hakuwa akimkimbia Darwin.

Na kama mzee wako ni Mprotestanti, msomee Calvin, mmoja wa waasisi wa Uprotestanti. Katika ufafanuzi wake wa Mwanzo wa mwaka 1554 anafika kwenye "mianga miwili mikubwa", jua na mwezi. Anasema wataalamu wa nyota wameonyesha kwamba sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi, ingawa kwa macho inaonekana ndogo. Je, Musa amekosea? Calvin anajibu kwamba Musa aliandika kwa jinsi watu wa kawaida wanavyoona, na anayetaka kujifunza elimu ya nyota aende mahali pengine. Hata William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyesimama kuitetea Biblia katika kesi maarufu ya mageuko huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925, alikiri alipohojiwa kwamba siku za Mwanzo zinaweza kuwa vipindi virefu. Mafundisho ya siku sita za saa 24 na dunia ya miaka elfu chache, yakiwa na madai ya kisayansi ya kuyategemeza, yalienea sana miongoni mwa makanisa ya kiinjili ya Marekani baada ya mwaka 1961, na mengi yakatufikia huku kwa vitabu, baadaye kwa video. Ule mwaka wa 4004 kabla ya Kristo unaotajwa mara nyingi kuwa mwaka wa uumbaji ulikokotolewa na James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, mwaka 1650. Haumo ndani ya mstari wowote. Kanisa la Ethiopia, ambalo lina Maandiko hayo hayo kwa mapokeo ya Kigiriki yenye nasaba ndefu zaidi, linahesabu miaka 5,500 kabla ya Kristo.

Basi Mwanzo 1 inafanya nini? Hapa ndipo ningependa ukae sana, maana ndiko kwenye utajiri.

Wataalamu wengi wa Agano la Kale wanaona kwamba sura hiyo ilipata umbo lake karibu na wakati wa uhamisho wa Babeli, karne ya 6 kabla ya Kristo. Fikiria Wayahudi wale: hekalu limechomwa, mfalme ametobolewa macho, wao wamehamishwa hadi mji ambao mungu wake, Marduki, anaonekana kushinda. Babeli ilikuwa na masimulizi yake ya uumbaji, na tunayo leo kwa sababu mabamba yake ya udongo yalifukuliwa Ninawi katika karne ya 19. Ndani yake Marduki anamuua Tiamati, mungu wa kike wa bahari, anaupasua mwili wake vipande viwili, kimoja kinakuwa mbingu. Wanadamu wanafinyangwa kwa damu ya mungu aliyeuawa kwa uasi, na kazi yao ni kuwabebea miungu mizigo. Sasa soma Mwanzo 1 ukiwa na hayo masikioni. Hakuna vita. Hakuna maiti. Jua na mwezi, ambavyo Babeli iliviabudu, vimetengenezwa siku ya nne kama taa za kuhesabia majira. Na mwanadamu, mwanamume na mwanamke pamoja, ameumbwa kwa mfano wa Mungu, anapewa kutawala, na mwisho wa juma kuna pumziko. Kwa mtumwa aliyehamishwa, hayo ni maneno ya kumsimamisha wima. Ukiibana sura hii mpaka iwe somo la jiolojia, umempokonya mtu yule kile alichopewa.

Umbo lenyewe linathibitisha. Siku ya kwanza nuru, ya nne mianga. Siku ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na mimea, ya sita wanyama na watu. Siku tatu za kutenga mahali, tatu za kuwaweka wenyeji, na ya saba ni Sabato. Kisha ingia Mwanzo 2: mtu anafanyizwa kwanza, halafu bustani na miti, halafu wanyama, mwisho mwanamke. Utaratibu ni mwingine kabisa. Waliozipanga sura hizi mbili bega kwa bega walijua kusoma. Wangekuwa wanatunza kumbukumbu ya kipi kilitangulia kwa saa, wasingeziacha hivyo.

Jihadhari pia na wanaokuambia kinyume chake, kwamba Biblia ilishajua sayansi ya leo. Watakutolea Ayubu 26:7, kwamba Mungu ametundika dunia pasipo kitu. Lakini Ayubu 9:6 ina nguzo za dunia, na Ayubu 38:6 ina misingi yake. Zaburi 148 inayaita maji yaliyo juu ya mbingu, na Mwanzo 7 ina madirisha ya mbinguni. Waandishi walisema kwa picha ya ulimwengu waliyokuwa nayo watu wa nyakati zao. Zaburi 104:5, dunia isiyotikisika milele, ilitumiwa pamoja na Yoshua 10 dhidi ya Galileo, aliyesema dunia inazunguka jua, akahukumiwa mwaka 1633. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa hilo la wanateolojia mwaka 1992. Zaburi haikuwa na hatia. Ilikuwa inamsifu Mungu.

Una njia kadhaa mbele yako, na nitakuambia ninavyoziona. Anayeshika siku sita za saa 24 anayaheshimu maneno "ikawa jioni ikawa asubuhi", hilo nampa. Lakini analazimika kukataa fizikia, jiolojia na elimu ya nyota kwa pamoja, na bado hana jibu zuri kwa siku tatu zisizo na jua wala kwa Mwanzo 2. Anayesema kila siku ni mamilioni ya miaka anapata nafuu kidogo, kisha anakwama kwenye utaratibu: miti ya matunda kabla ya samaki, ndege kabla ya wanyama wa nchi kavu, wakati mabaki ya kale yanaonyesha vinginevyo. Anayesema "hadithi tu" amekosa kwa upande mwingine, kwa sababu anadhani ukweli ni wa aina moja, ule wa vipimo. Mimi ninaisoma Mwanzo 1 kama tangazo la imani lenye umbo la liturujia, yaani la ibada, la kweli katika kile linachotangaza, nami ninamwachia mtaalamu wa miamba umri wa miamba.

Njia hii ina ugumu wake, usiifundishe kama nyepesi. Paulo katika Warumi 5 anamweka Adamu mmoja sambamba na Kristo, na waamini wasomi bado wanatofautiana kama Adamu ni mtu mmoja wa historia, kichwa cha jamii fulani, au mfano wa sisi sote. Pia sikubaliani na wale wanaofunga mjadala kwa kusema sayansi hushughulika na "vipi" na dini na "kwa nini". Biblia inadai mambo yaliyotokea. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka imani yao ni bure; huwezi kuligeuza hilo kuwa fumbo bila kumpinga yeye mwenyewe. Kila kitabu na kila kifungu kiulizwe kivyake: huu ni wimbo, sheria, mfano, barua, au ushuhuda wa walioona?

Kuhusu kaboni, mweleze mzee kwa upole kwamba mabaki ya kale sana ya Olduvai hayakupimwa kwa kaboni. Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka kama 5,730, kwa hiyo baada ya miaka kama 50,000 haibaki ya kutosha kupimika. Fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 lilikuwa kati ya matabaka ya majivu ya volkano, na hayo ndiyo yaliyopimwa kwa potasiamu na agoni. Potasiamu-40 huoza polepole sana, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hutoroka. Ukishapoa na kuwa fuwele, gesi inayozaliwa hunaswa ndani. Pima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, utajua mwamba ulipoa lini. Majibu yaliyotangazwa mwaka 1961 yalikuwa miaka kama milioni 1.75. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa baiolojia, nisaidie kuwaambia watu kwamba mageuko hayasemi nyani wa leo alimzaa mtu. Yanasema tuna mababu wa pamoja wa zamani sana.

Mwanafunzi wako aliuliza mbele ya wenzake, basi mjibu mbele yao. Ningesema hivi: "Sikuwadanganya, ila kanisani sikuwaeleza vya kutosha. Mwanzo inatuambia ulimwengu ni wa nani na sisi ni nani ndani yake. Haikuandikwa kutupa umri wa miamba. Mtihani utawauliza ushahidi wa mageuko, ujibuni kwa ushahidi. Wakristo hawakubaliani wote juu ya hili, na anayetaka tuzungumze zaidi aje baada ya vipindi." Usimlazimishe mtoto kuchagua upande darasani, shule ina wa dini zote. Na ukimwona mtoto aliyepoteza usingizi au hamu ya kula kwa hofu kwamba amemkosea Mungu kwa kusoma baiolojia, mjulishe mzazi wake, na mumpeleke kwa mlezi au mshauri wa shule ana kwa ana.

Kuhusu mwenzako Mwislamu, mimi ni mwalimu wa Agano la Kale, kwa hiyo nitanukuu watu wake mwenyewe. Hoja ya kuitafuta sayansi ya kisasa ndani ya aya ilipata umaarufu mkubwa kwa kitabu cha daktari Mfaransa, Maurice Bucaille, mwaka 1976. Wanazuoni wa Kiislamu hawakubaliani wote nayo. Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, aliwapinga waliotaka kupakia elimu zote ndani ya Kurani. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza sababu za kupatwa kwa jua na mwezi, akasema anayebishana na mambo hayo yaliyothibitika kwa hesabu akidhani anaitetea dini, anaidhuru. Aya ya 86 ya Suratul Kahf, inayosimulia jua likitua katika chemchemi yenye matope meusi, mfasiri wa Kurani Ibn Kathir anaieleza kwamba ndivyo lilivyoonekana machoni pa Dhul-Qarnain, mtawala anayesimuliwa humo. Calvin angelielewa jibu hilo mara moja.

Sisi Wakristo tumewahi kuingia kwenye mtego huo huo. Padri Mbelgiji Georges Lemaître ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo iliyosongamana. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliihusisha nadharia hiyo na uumbaji. Lemaître hakupendezwa. Alitaka nadharia yake ipimwe kwa fizikia, isigeuzwe ushahidi wa imani, kwa sababu nadharia hurekebishwa kila ushahidi mpya unapopatikana, na aliyeifunga imani yake hapo itamlazimu kuirekebisha pamoja nayo.

Na mzee wa kanisa, usibishane naye koridoni. Anaogopa watoto watapotea, na hofu hiyo ina upendo ndani yake. Omba kikao na mchungaji, hasa aliyesoma teolojia, kabla ya kurudi kwenye darasa la Jumapili. Msiende na video wala makala. Chukueni Biblia, someni Mwanzo 1 na 2 kwa sauti, na mmoja wenu aandike kwenye karatasi, safu mbili, nini kimeumbwa kabla ya nini. Mwache mzee mwenyewe aandike.